Saa 15 angani: panga saa za choo, usijinyime maji

Wazee wetu wengi wakijua kesho wanapanda ndege, leo hawanywi maji. Nimeliona hilo kwa mama yangu, kwa shangazi zangu, na kwa akina mama ninaokaa nao pale uwanja wa Jomo Kenyatta tukisubiri ndege ya New York. Midomo imewakauka, chupa ya maji imo mkobani haijafunguliwa, na ukimuuliza mtu atakwambia, "Mwanangu, nikinywa nitasumbua watu." Anaogopa kumwamsha jirani. Anaona haya kusimama foleni mbele ya wanaume asiowajua. Anaogopa mlango wa choo asioujua unavyofunguka. Basi anaona bora kiu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi New Jersey, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kibofu changu mwenyewe kimekuwa na haraka tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Naandika hasa kwa anayesafiri na mzazi, kwa mwanamke aliyezaa, kwa mzee mwenye tezi dume na kwa mtu wa dawa za presha. Nikitakiwa nichague ushauri mmoja tu, ni huu: usipunguze maji ili ukwepe choo, panga saa zako za choo ili uweze kunywa maji.

Kiu haimpunguzii mtu choo

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na sisi watu wa pwani tumezoea asilimia 70 na kuendelea. Unapumua, unalala, na maji yanakutoka bila kuona jasho. Usipokunywa, mkojo unakuwa mchache lakini mzito na mkali, na mkojo wa namna hiyo hukichokoza kibofu. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida huanza kutoa habari kikiwa na mililita 150 hadi 250, na kinaweza kubeba 400 hadi 500 bila taabu. Kikishachokozwa, kinapiga kelele mapema, kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana yule mama aliyejinyima maji tangu jana utamwona anaenda chooni mara nyingi na anatoa matone.

Kuna na jambo la damu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu safari ndefu: kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa. Kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe bado ni mdogo, lakini safari ya Nairobi hadi New York ni karibu mara nne ya hizo saa 4. Mama anayeinuka kila baada ya saa mbili tatu anafanya jambo ambalo daktari angemwomba afanye.

Kunywa kwa mafunda. Chupa nzima ukiimwaga tumboni kwa mkupuo, figo zitaileta chini yote kwa pamoja. Mafunda machache kila mara mwili unayatumia polepole. Mimi siku ya safari hunywa maji vizuri asubuhi na mchana, napunguza saa mbili hivi kabla ya kuingia ndegeni, kisha naanza tena taratibu tukishapaa. Kahawa, chai kali, soda za kola na pombe naziacha mpaka nifike, maana hizo huharakisha mkojo au hukichokoza kibofu, na nyingine hufanya yote mawili. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyepewa kipimo cha maji na daktari wake ashike kipimo hicho hicho, asifuate changu.

Na chakula cha kuagana kiangaliwe. Angani, hewa ya ndani ya ndege huwekwa kama ya mlimani, sawa na kuwa futi 6,000 hadi 8,000 juu ya bahari, na gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa robo na zaidi. Mbaazi za nazi za mama mkwe ni tamu, lakini ziliwe juzi yake. Maharagwe, kabichi na soda vivyo hivyo. Tumbo lililojaa gesi hukikandamiza kibofu, na haja kubwa na ndogo zikikubana pamoja huku ndege inasubiri kuruka ni mateso.

Dawa ya maji

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Wazee wengi wenye presha au moyo wanakunywa dawa ya kutoa maji mwilini. Ile iitwayo furosemide huanza kazi ndani ya saa moja na humpeleka mtu chooni kwa muda wa saa kama 6. Mzee akiinywa jioni akielekea uwanjani, choo chake kitakuja wakati ule ule ndege inapoondoka na mkanda umefungwa. Na mzee akiamua kuiacha kimya kimya, miguu itavimba na pumzi itakuwa nzito angani, mahali ambapo hakuna hospitali.

Wiki moja au mbili kabla, muulize daktari swali lililonyooka: "Tunaondoka Nairobi usiku, tunafika New York asubuhi, na saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa 7 au 8. Siku ya safari dawa hii anywe saa ngapi, na akifika aendelee saa ngapi?" Madaktari huwa na jibu. Mwandikie mzee saa hizo kwa kalamu nene, juu ya pakiti ya dawa yenyewe.

Kiti kabla ya yote

Kenya Airways walianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Kwenda ni kama saa 15, kurudi ni kama 14. Daraja la kawaida lina viti tisa kila mstari, vitatu vitatu mara tatu, na njia mbili katikati yake. Hesabu basi: katika kila mstari watu wanne wako kando ya njia, na watano wamefungiwa. Aliye dirishani lazima avuke watu wawili wenye usingizi. Ndege za Airbus A330 kwa kawaida hupangwa viwili, vinne, viwili, na humo hakuna anayevuka zaidi ya mtu mmoja. Ukiunganisha safari kupitia Ghuba, Istanbul au Ulaya, angalia aina ya ndege kabla ya kulipa.

Kama kampuni inatoza pesa kuchagua kiti, kwa mwenye kibofu cha haraka hiyo ni pesa ya kulipa. Chukua kiti cha kando ya njia, mistari minne au mitano kutoka chooni. Usikae mstari ulioegemea ukuta wa choo: utasikia kila mlango na kila mvumo, na foleni yote itasimama juu ya bega lako. Ukisafiri na mzazi, yeye akae kando ya njia na wewe ukae katikati, upande wake wa ndani. Mkikaa hivyo haombi mtu ruhusa, na akiinuka utajua.

Ukijikuta katikati au dirishani, zungumza na jirani mapema, kabla hajajifunika blanketi. Mimi husema hivi tu: "Kaka, samahani, mimi hutoka mara kwa mara. Ukiwa umelala nikuguse bega?" Sijapata kukutana na aliyekasirika. Wengi hujibu, "Niguse tu, dada," na wengine hujitolea kubadilishana kiti. Kinachomuudhi mtu ni kurukwa magoti gizani bila taarifa.

Saa za choo

Choo cha ndege hakifungwi kwa ufunguo, lakini kuna vipindi ambavyo ni kama kimefungwa, na vipindi ambavyo foleni yake inafika jikoni kwa wahudumu. Ukivijua, safari nzima inabadilika.

Nafasi ya kwanza ya kwenda chooni ni uwanjani. Kwa safari za Marekani kuna ukaguzi wa pili karibu na lango, na ukishavuka, si kila chumba cha kusubiria kina choo. Uliza kabla ya kuvuka. Nenda hata kama hujabanwa. Ukimaliza usiinuke mara moja. Kaa nusu dakika, inama mbele kidogo, ujaribu tena. Kibofu ambacho hakikumalizika mara ya kwanza hutoa kilichobaki. Wazee ninaowahudumia nawafundisha hivyo kila siku, na wenye tezi dume huwafaa zaidi.

Ukishaingia ndegeni, abiria wakiwa bado wanapanga mizigo, choo huwa kinatumika. Mwambie mhudumu, atakuonyesha. Milango ikifungwa na ndege ikianza kurudi nyuma, kaa. Kuanzia hapo mpaka taa ya mkanda izimike inaweza kuwa dakika 30, inaweza kuwa saa nzima. Wakati wa kurudi, New York ina foleni ndefu ya ndege zinazongoja kuruka, kwa hiyo hesabu muda mrefu zaidi. Ndege ikikwama ardhini kule Marekani, kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo zinataka vyoo viendelee kufanya kazi, na chakula na maji yatolewe kabla ya saa mbili kupita. Kwa hiyo bonyeza kitufe uulize, bila kuona haya. Rubani akiwa ameisimamisha ndege, mara nyingi wahudumu huruhusu watu kwa zamu.

Taa ikizimika baada ya kupaa, mimi huinuka hapo hapo. Baadaye kidogo kigari cha chakula kinatoka, na kikishatoka njia imezibwa: huwezi kukiruka, na wahudumu hawawezi kukirudisha kwa ajili ya mtu mmoja. Kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana. Agiza chakula maalumu, cha kisukari au cha mboga tupu, wakati wa kukata tiketi au angalau siku moja kabla. Chakula hicho huletwa kwanza kwa mikono, kabla ya vigari. Unakula, unamaliza, unampa mhudumu sinia yako, unakwenda chooni wengine wakiwa bado wana meza mbele yao. Kisha unarudi unalala.

Usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa, vyoo viko wazi. Huo ndio muda wa mzee. Kwa mama yangu naweka simu itikisike mfukoni kila baada ya saa mbili na nusu, nikimkuta macho namwuliza. Nikimkuta kwenye usingizi mzito namwacha, maana usingizi nao ni dawa. Mkanda ufungwe juu ya blanketi, uonekane, ili mhudumu asije akamwamsha bure ndege ikitikisika.

Halafu kuna saa ngumu kuliko zote: asubuhi ya kufika. Saa mbili hivi kabla ya kutua taa zinawashwa, kifungua kinywa kinaletwa, na watu mia mbili wanakumbuka kupiga mswaki kwa pamoja. Angalia ramani kwenye skrini ya kiti. Ikiandika zimebaki saa mbili na nusu, inuka wewe na mzee wako, mwende mkamalize kila kitu, hata kubadilisha nguo. Rudi tena kwa muda mfupi ikibaki saa moja. Nusu saa ya mwisho taa ya mkanda huwaka na haizimiki tena mpaka ndege isimame langoni.

Ukibanwa taa ikiwa imewaka

Hutokea, hasa ndege ikipita kwenye mawingu makubwa ya mvua ya ukanda wa ikweta. Usiinuke kwa kukurupuka. Hamu ya kukojoa huja kwa wimbi: inapanda, inafika kilele, inashuka. Kaa imara, miguu yote miwili chini. Bana ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo au gesi, kwa haraka, mara tano au sita, uachie kati yake. Bonyeza vidole vya miguu chini ndani ya kiatu. Pumua polepole na uipe akili kazi: soma sura unayoihifadhi, au hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba. Dakika moja au mbili, wimbi linashuka. Taa ikizimika, tembea, usikimbie. Kukimbia hukiamsha kibofu upya, na hapo ndipo watu huvujia mlangoni kabisa.

Misuli hiyo hufundishwa. Anza miezi mitatu kabla ya safari: bana, hesabu mpaka tano, achia, hesabu mpaka tano, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Na kama umezoea kwenda chooni kila nusu saa nyumbani, sogeza muda kwa dakika kumi kumi kila wiki mpaka ufike saa mbili. Kibofu husikia mazoezi.

Mzee ambaye hawezi kuzuia kabisa amwambie mhudumu mapema. "Nina tatizo la mkojo" yatosha. Huhitaji kueleza zaidi. Wakati wa kuruka na kutua hakuna atakayekuruhusu, na ni sawa, lakini akijua hali yako atakutafutia nafasi ya kwanza taa ikizimika.

Mlango, mvumo na maji ya kujisafisha

Choo chenyewe ni kidogo, na kwa mtu wa mara ya kwanza kina mambo ya kutisha ambayo angeelezwa nyumbani asingeogopa. Milango mingi hujikunja katikati: unasukuma pale pale katikati, unakunjika kuelekea ndani. Mama yangu mara ya kwanza alikuwa akivuta kifuniko kidogo cha chuma kilichoko mlangoni. Hicho ni cha majivu ya sigara. Sigara zimepigwa marufuku, lakini kanuni za usalama bado zinataka kiwepo, ili mvunja sheria asitupe kichungi chenye moto kwenye pipa la karatasi. Wasafiri wengi hukivuta wakidhani ni kitasa. Ukiingia, sukuma komeo mpaka mwisho. Taa kali huwaka komeo likifunga sawasawa. Mwenye kuogopa kufungiwa ajue wahudumu wanaweza kufungua kutoka nje.

Kitu cha pili ni mvumo. Choo cha ndege hakisukumi kwa maji mengi kama cha nyumbani. Kinafyonza, kwa tofauti ya mgandamizo kati ya ndani ya ndege na tangi, na sauti yake ni kubwa. Inuka kwanza, funga kifuniko, ndipo ubonyeze. Na kwa kuwa ni bomba jembamba la kufyonza, pedi, nepi, vitambaa vyenye unyevu na karatasi za mikono zikitupwa humo linaziba. Choo kimoja kikiziba, waliobaki wote wanabanana kwenye vilivyosalia kwa saa kumi. Kila kitu kisicho karatasi ya chooni kiende kwenye pipa.

Sasa maji. Sisi tuliozoea kuchamba kwa maji hatustareheki na karatasi peke yake, na kwa anayeswali ni jambo la twahara. Chooni mwa ndege hakuna mpira wala kopo. Beba chupa laini ya plastiki ya nusu lita, ile inayobanika, uivushe kwenye ukaguzi ikiwa tupu kwa sababu vimiminika zaidi ya mililita 100 haviruhusiwi. Chooni, jaza kwanza kabla ya kukaa. Bomba la ndege hutoa maji kwa sekunde chache kisha hukata, kwa hiyo kujaza huchukua muda, na ukishakaa huwezi kulifikia vizuri. Jaza robo tatu. Sogea nyuma kwenye kiti, mimina kidogo kidogo kutoka mbele, kwa mkono mwingine ujisafishe, kisha jikaushe kwa karatasi. Ukimimina kama nyumbani, maji yatafika sakafuni. Yakifika, chukua karatasi za mikono uyafute, anayekuja baada yako asikute dimbwi asilojua ni la nini. Maji ya bomba hilo ni ya kujisafishia tu, usiyanywe.

Usiingie chooni na soksi. Vaa champali; unyevu wa sakafuni si maji siku zote.

Nguo ziwe za kuinuka na kushuka kwa mkono mmoja. Dera ni nguo nzuri ya safari, na suruali ya mpira kwa ndani kwa ajili ya baridi. Mwenye buibui refu abebe pini mbili kubwa, alikunje na kulibana kiunoni kabla ya kuingia, kwa sababu chumba hakina nafasi ya kukusanya kitambaa. Wazee wanaume waache mkanda wa ngozi kwenye sanduku. Na leso, jozi nzima, isikose mkobani: ya kujifunika magoti, ya kujistiri ukibadilisha nguo, ya kutandika kitini mambo yakiharibika.

Nepi za watu wazima

Neno hili hulitia watu uchungu, lakini kwa mzee wa miaka 75 anayevuja akikohoa, nepi inampa uhuru wa kunywa maji na kulala. Zipo za mtindo wa chupi, nyembamba, hazionekani chini ya dera. Mletee nyumbani wiki mbili kabla, azivae usiku, azoee, muone saizi gani haivuji mapajani. Usimwambie "utavaa nepi" mbele ya wajukuu. Mama yangu nilimwambia nikiwa naye peke yake chumbani, "Mama, hii ni ya dharura tu, kama mwavuli," akacheka, akaivaa, akavuka bahari nayo.

Hesabu moja kwa kila saa nne, na mbili za ziada. Ziweke kwenye mkoba wa chini ya kiti pamoja na suruali moja ya ndani, mifuko ya plastiki ya kufunga, na losheni ndogo ya ngozi. Mkoba wa juu hauna faida taa ya mkanda ikiwaka. Iliyotumika ikunjwe, ifungwe mfukoni, itiwe pipa la chooni. Isipoingia, mhudumu ana mfuko mkubwa zaidi.

Mtoto aliyeacha nepi karibuni, mrudishie kwa siku hiyo moja. Hatasahau alichojifunza.

Asiyeweza kutembea

Agiza huduma ya kiti cha magurudumu mnapokata tiketi, angalau saa 48 kabla. Wengi hudhani kiti hicho ni cha uwanjani tu. Ndege kubwa za safari ndefu huwa na kiti kingine chembamba cha magurudumu kinachopita kwenye njia ya ndani, na kwa ndege zinazokwenda Marekani kanuni za nchi hiyo zinataka zile zenye njia mbili ziwe na angalau choo kimoja ambacho kiti hicho kinaingia, chenye vishikio. Uliza kipo upande gani mara tu mnapoingia, na ukae karibu nacho. Wahudumu humsukuma mzee mpaka mlangoni na kumrudisha. Ndani hawalazimiki kumsaidia, kwa hiyo mzee asiyejiweza asafiri na mtu wake.

Wanaume wenye tezi dume

Kwao hatari nyingine ni mkojo kukataa kutoka. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine, na zile za mzio zinazoleta usingizi kama diphenhydramine, zinaweza kuufunga kabisa. Baba asimezeshwe kidonge cha "kumsaidia alale" kilichonunuliwa dukani bila kumuuliza daktari. Mzee akisema tumbo la chini limejaa, linauma na hakuna kinachotoka, usingoje kutua, mwambie mhudumu. Huulizia kama kuna daktari au muuguzi kati ya abiria, na rubani anaweza kupata ushauri wa daktari aliye ardhini.

Mkitua

Kati ya mlango wa ndege na ukumbi wa uhamiaji kuna korido ndefu, na mna vyoo. Ingia cha kwanza unachokiona. Foleni ya pasipoti inaweza kula saa nzima na zaidi, na ukitoka kwenye mstari unaanza upya. Anayesukumwa kwa kiti cha magurudumu amwambie msukumaji asimame chooni. Kanuni za Marekani zinampa haki ya kusimamishwa kwa muda mfupi akiomba.

Usiku wa kwanza tegemea kuamka mara nyingi. Maji yaliyoshuka miguuni kwa saa 15 za kukaa hurudi kwenye damu ukilala, na figo huyatoa. Mchana wa kufika, mlaze mzee na miguu juu ya mito kwa saa moja au mbili, ili sehemu ya maji hayo itoke kabla ya usiku, na mwachie taa ya korido mpaka chooni, maana nyumba ni ngeni kwake na ana usingizi wa kuyumba. Siku ya pili na ya tatu hali hurudi. Isiporudi, au mkojo ukichoma, ukiwa na damu, au mtu akipata homa, ni hospitali. Msiseme ni uchovu wa safari. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko wa pili, au pumzi ikikata ghafla, nendeni saa ile ile, hata ikiwa ni wiki kadhaa baada ya kufika.